Kadi za Uzi Mwekundu

Yule Haji mwenye duka la vyuma na cherehani pale Isiolo mjini sikumpenda wakati ule na simpendi sasa, ingawa ameshazikwa. Najua dini inakataza kumsema maiti vibaya. Nitaulizwa, nami nitajibu.

Miaka ya sabini nilikuwa nikifundisha wanawake kushona katika chumba kimoja nyumbani kwetu. Cherehani nilikuwa nayo moja tu, ya mkono, aliyoniachia marehemu mama, na wanafunzi walikaa foleni kuigusa. Wengine walitoka Gotu, wengine Oldonyiro, wakilala kwa jamaa zao. Mwanamke akishajua kukata na kuunga, swali lake la kwanza ni atapata wapi cherehani yake. Haji alilisikia hilo. Akaja kwetu, akanywa chai na baba, tukapatana: kila nitakayemtuma kwake abebe kadi yangu, na walionunua wakifika kumi, atanipa cherehani ya miguu, mpya.

Kadi nilizikata kutoka kwa maboksi ya majani ya chai. Kila moja niliishona kona kwa uzi mwekundu, ili karani wake asije akasema hakuijua.

Mwaka ukapita. Nikaenda kuuliza tumefika wapi. Karani akafungua daftari, akasema wanne. Nilidhani anatania, maana hapo mjini peke yake nilikuwa nimeziona cherehani za duka lile katika nyumba saba, na waliozikalia niliwafundisha mimi. Haji hakuinua hata macho.

"Kadi hakuna, mteja hakuna," akasema.

Nikaanza kuwazungukia wanafunzi wangu mmoja mmoja. Wa kwanza aliniambia kadi aliichukua baba mkwe, akafungia tumbaku. Wa pili aliitoa siku aliyokwenda kuangalia bei. Aliporudi miezi mitatu baadaye, mtamba wake wa ng'ombe akiwa ameuzwa, aliandikwa kama mtu mgeni. Wa tatu aliuziwa na Haji mwenyewe siku karani yuko mgonjwa, na Haji hakumuuliza kadi wala aliyemtuma. Alipoitoa, Haji aliipokea, akaiweka pembeni bila kuandika kitu.

Hao wawili wa mwanzo sikuwalaumu. Huyo wa tatu ndiye aliyeniamsha.

Kule Gotu, nilikofika juu ya lori la mchanga, nilimkuta wa nne. Cherehani ilinunuliwa na mume wake, mfanyabiashara wa mbuzi. Karani alimuuliza ametumwa na nani, naye akajibu kwamba yeye hatumwi na mwanamke. Mke alinieleza hayo akicheka kidogo kwa aibu. Mume alikuwepo. Nilimwomba Ijumaa akija mjini kuswali apite dukani, aseme ukweli tu, kwamba mke wake alikuwa mwanafunzi wangu na mimi ndiye niliyewaelekeza. Akakubali mbele ya mke wake.

Ijumaa ile nilimngoja nje ya duka mpaka watu walipotoka msikitini. Alikuja. Tukaingia pamoja. Ndani kulikuwa na wanaume wengine wanaomfahamu, wanapima misumari na kamba. Nikamwambia Haji kwamba shahidi wangu huyu hapa. Haji akamuuliza kama ananijua.

"Huyu mama mimi sijui yeye," akasema. "Nilikuja hapa kwa miguu yangu."

Mtu huyo alikuwa amekula kwetu mara mbili alipomleta mke wake. Mmoja wa wale wanaume akatabasamu. Niliinama kuokota mtandio wangu ulioteleza, na hapo chini nikaona mguu wa meza ya kuhesabia umetiwa kipande cha boksi kilichokunjwa ili usicheze. Kona yake ilikuwa na uzi mwekundu.

Nilikivuta kwa nguvu. Meza ikainama, mizani ikaserereka mpaka ukutani. Nilikikunjua, zikawa kadi tatu, nikaziweka mbele ya Haji.

"Hizi ni nini, Haji?"

Alizisukuma pembeni kwa kidole. Akasema hiyo ni takataka ya karani. Karani, aliyekuwa amesimama hapo hapo, akaishika mizani isianguke. Alikuwa na watoto wa kulisha. Kisha Haji akasema, kana kwamba ananipa sadaka, kwamba basi tuseme ni saba. Nilimwambia cherehani yake ampe mke wake ashonee sanda. Lilikuwa neno baya, na baba alinigombeza kwalo wiki nzima, lakini sikwenda kuomba radhi.

Tangu siku hiyo waliotaka cherehani niliwaelekeza Nanyuki. Si wote walionisikiliza. Haji aliwakopesha, wenye maduka kule Nanyuki hawakuwajua, na wengine walipita mbele ya mlango wangu na mzigo wa Haji juu ya punda. Hilo pia liliniuma, na baadhi yao niliacha kuwatembelea.

Cherehani ya miguu niliipata miaka ya themanini, kuukuu, kwa mwalimu aliyehamishwa. Kanyagio lake lilipiga kelele nyumba nzima. Wakati huo Haji alikuwa amefungua duka la pili. Tukikutana njiani alinipa salaam aleikum kwa sauti kubwa, watu wasikie. Nilimrudishia kwa sababu ni wajibu, na nikaendelea na safari yangu.