Hori la Barafu Mwisho wa Mahindi

Jua bado halijaamua kutoka. Ukungu umelala juu ya shamba, na kutoka barabarani vinaonekana vichwa tu vya vijana, vinaelea polepole juu ya mahindi kana kwamba havina miili. Mkono unainuka, unang'oa mbelewele, unaitupa chini. Ndiyo kazi ya Julai hapa nje ya Wilber, Nebraska. Muhindi wa mbegu hunyang'anywa mbelewele, ua lake la juu, ili uzae na wa mstari wa jirani.

Mwisho wa mistari, Darlene Vavra (54) anavunja barafu kwa nyundo na kuimwaga kwenye hori la chuma walilokuwa wakinywea ng'ombe wa marehemu baba yake. Asubuhi yenyewe ni ya sweta.

"Bi Darlene, leo unapika supu ya pengwini?" kijana mmoja anamtania akipita.

"Ndiyo, na nyama imepungua. Ingia."

Vijana wanacheka, wameshamzoea. Kikosi anachokisimamia kina sheria mbili ambazo vikosi vingine huzifanyia mzaha: ni marufuku kuvaa mfuko wa taka, na anayetoka kwenye mstari haulizwi kwa nini.

Mfuko wa taka ndilo vazi la watu wa kazi hii. Majani ya mahindi yana umande wa kumlowesha mtu chapachapa, kwa hiyo unatoboa tundu la kichwa na mawili ya mikono, unauvaa, unaingia. Nami niliuvaa nikiwa msichana. Mpaka leo nikisikia plastiki ikichakarika, nanusa mahindi mabichi.

Kaka yake Darlene, Wayne, aliuvaa pia. Alikuwa na miaka kumi na sita na misuli ya kunyanyulia vyuma, ingawa hakuwahi kunyanyua kitu zaidi ya marobota ya nyasi. Siku moja kulikuwa na mawingu kama leo. Alitoka kwenye mstari akamwambia baba yao, aliyekuwa msimamizi, kwamba miguu imekaza.

"Baba akamwambia, 'Jua lenyewe halijatoka, wewe limekuchoma wapi? Rudi,'" anasimulia Darlene. "Akarudi. Akatoka tena, anatembea kama mtu wa mbao. Wenzake wakamzomea. Baba akamrudisha tena."

Mara ya tatu hakutoka. Walimkuta amelala kati ya mahindi, mwili unachoma ukiugusa, taya zimeumana. Hakufika mjini akiwa hai.

Wapo waliosema ni pombe ya jana yake, wapo waliosema ni moyo. Joto hakulitaja mtu, maana nani hufa kwa joto asubuhi ya sweta?

Miaka ikapita, baba akalazwa kwa upasuaji mdogo wa ngiri. Alipopewa nusukaputi, dawa ya usingizi, mwili uliwaka moto pale pale mezani, naye hakuamka. Nyumbani wakasema kisu hakiupendi ukoo huu. Vifo viwili vikakaa nyumba moja bila kusalimiana.

Aliyevikutanisha ni nesi wa nusukaputi, siku Darlene alipokwenda kutolewa mawe ya nyongo.

"Akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyefia mezani akiwa usingizini. Nikamwambia, baba. Nikadhani yameisha. Akauliza tena, na aliyekufa kwa joto akiwa kazini? Nikasema hapana. Halafu nikaanza kulia, hata sijui nilie nini."

Vipimo vikaonyesha kasoro ya kurithi ya misuli. Misuli ya watu hawa, ikichokozwa na baadhi ya dawa za usingizi, hujikaza ikagoma kulegea, na joto lake huushinda mwili. Kwa baadhi yao hata kazi ngumu yatosha kuichokoza. Jua si lazima, na mfuko wa taka hulifungia joto ndani. Baba alimrithisha mwanawe kitu asichokijua, kisha akamrudisha shambani.

Darlene anacho kitu hicho. Binti yake Renee, mwenye miaka kumi na minane, anacho pia, na sasa hivi yumo humo kwenye ukungu.

"Nilimwambia akauze aiskrimu," anasema Darlene. "Akanijibu, 'Mama, hata mimi ni wa haya mahindi.'"

Daktari hakumkataza, alimpa masharti. Asiingie akiwa na homa, apumzike mara kwa mara, na misuli ikianza kukaza, atoke. Hilo la mwisho ndilo linalomkosesha mama usingizi. Huku kwetu mtoto husifiwa kwa kumaliza mstari, na kutoka mbele ya wenzako ni aibu inayokufuata hadi shuleni.

Mahindi yanatikisika. Renee anatokeza, kalowa, uso mwekundu, anaburuta miguu.

"Mama, mapaja yanakaza."

"Renee kachoka, na keki za kolachi hata hazijafunguliwa!" sauti inamzomea kutoka mistarini.

"Nimechoka, ndiyo," Renee anajibu. "Na zile za plamu msinigusie."

Anapanda horini na mabuti yake. Barafu inagonga chuma. Darlene anamshika kisogo na kumwagia maji.

Mapaja yanalegea polepole, lakini mama haridhiki mpaka wafike zahanati. Huko wanampima damu na mkojo, wanasema misuli haijaumia, apumzike siku kadhaa.

Siku hizi Darlene anazunguka kwenye mashamba yasiyo na ng'ombe tena, akiomba mahori ya zamani. Anataka ifikapo kiangazi kijacho kila kikosi cha kaunti hii kiwe na lake.

"Baba simchukii," anasema akiwasha pikapu nje ya zahanati. "Natamani tu ningemwambia kwamba Wayne hakuwa mvivu. Na kwamba hata yeye mwenyewe angeweza kuanguka pale."

Renee ameegemea kioo, macho yamelegea kwa usingizi.

"Mama, nikishapumzika utanirudisha?"

"Mimi simrudishi mtu," anasema Darlene. "Daktari akikuruhusu, utarudi mwenyewe."