Mzizi Uliotoboa Mfuko

Agneta hukuza miche nyuma ya jiko lake huko Matulo na kuiuza kando ya barabara ya Webuye. Mashamba mengi ya majirani yana miparachichi na mikaratusi aliyoiotesha yeye. Katika shamba analolilima tangu aolewe hakuna mti hata mmoja wa mkono wake. Kwao mwanamke hapandi mti, kwa kuwa mti ni alama ya mwenye ardhi. Mumewe alipofariki, ardhi ikabaki chini ya shemeji yake, Mukhisa.

Nilipokuwa chuoni, mimi na wenzangu tulijadili kwa bidii wazo kwamba mtu anayetia jasho lake udongoni hupata haki juu ya kinachoota humo. Kwa Agneta ni hamu tu ya mti wake mwenyewe. Jioni husimama kwenye kona ya shamba inayoelekea mtoni, akipima kwa macho kivuli ambacho hakipo.

Mifuko ya miche huinuliwa kila mara ili mizizi inayochungulia chini ikatwe kabla haijashika ardhi. Msimu wa mvua uliopita Agneta alikwenda Kitale kumtunza binti yake, Phelista, aliyejifungua. Aliporudi, mche mmoja wa mparachichi ulikuwa umenawiri kuliko wenzake. Alipouvuta, ulikataa; mzizi ulikuwa umetoboa mfuko na kushika ardhi.

Mukhisa alifika asubuhi.

"Mama Phelista, ati umepanda mti?"

"Sijapanda, shemeji. Umejipanda."

"Wacha mchezo, bana. Mti una miguu?"

"Una mizizi."

Mukhisa alicheka mpaka akashika kiuno. Hakuwa mtu mbaya. "Basi nitauhamishia pale konani, niupande mwenyewe. Watu wakijua ni wangu hawatasema kitu. Maparachichi utakula wewe. Nani atakukataza?"

Agneta aliitazama kona ile.

"Wewe, siku utakayotaka."

"Mimi? Siwezi!"

"Najua huwezi, shemeji. Na mwanao je?"

Agneta aliingia jikoni, akatoka na kisu, akapiga magoti na kuukata mzizi. Kisha akaubeba mche hadi barabarani, akauweka pamoja na mingine.

Mwalimu mmoja wa Ndalu, Wekoye, aliuchagua huohuo. Agneta alimweleza jinsi ya kuchimba shimo: upana wake, kina chake, mbolea ikae wapi. Alieleza polepole kuliko kawaida yake, mikono yake ikichimba hewani, na mwalimu alipokwisha kuelewa, Agneta bado alikuwa akichimba.