Mtengeneza Sinema Asiye na Kamera

Afisa utamaduni wetu huipangusa santuri yake ya roki mara tatu kwa leso, ndipo awaamkie wazee. Anataka kuigeuza yote iwe sinema ya nyimbo! Kina mama wa kijiji chetu cha ujamaa hapa Iramba hupangwa mstari, wachezeshe midomo bila sauti huku Mzungu wa santuri hiyo akipiga kelele kwenye gramafoni. Jana Mama Elina alimsihi, "Mwanangu, kweleakwelea wameshuka kwenye mtama. Tuachie tukawafukuze. Tutakula nini mwaka huu?" Kamera hana. Alikunja ngumi, akafumba jicho moja, akawachungulia ndege kupitia tundu la vidole. "Msiwafukuze," alisema. "Wanapendeza sana. Tutaanza nao."