Ulimi wa Ghalani

Ghalani walimwita Bi Ulimi, naye aliliitikia jina hilo kama cheo, maana kwa miaka thelathini na mmoja hakupewa kingine. Kazi yake ilikuwa kuuma. Katika kila gunia alichomoa mzizi mmoja, akakwangua ganda, akatafuna kipande kama punje ya mchele na kuhesabu hadi ishirini. Mzizi halisi wa dawa huanza kwa uchungu, ukifika kumi na tano unageuka mtamu. Ndugu yake wa porini, anayefanana naye kama pacha, hageuki. Na anayemnywa siku mbili tatu, figo zake hustaafu mapema.

Zamani mzizi ulijua mipaka yake: ulichemshiwa wenye homa, wenye kuhara na mzazi aliyetoka kujifungua. Siku hizi umo kwenye vidonge, kwenye dawa ya meno, hata kwenye shampuu, ingawa hakuna nywele zilizowahi kuhara. Wachimbaji waliufukua hadi ukawa adimu, lakini magunia hayakupungua. Hilo lilipaswa kumtisha mtu.

Wiki tatu nyuma Bi Ulimi alishikwa na mafua. Mafua yakaondoka na ladha. Chumvi, ndimu, hata sabuni aliyoilamba kwa makusudi, vyote vilikuwa karatasi. Hakumwambia mtu. Aliendelea kutafuna, kuhesabu na kusema, "Pita."

"Siku hizi umelainika," msimamizi alimtania. "Zamani ungemkatalia hata mamako."

"Uzee huo, mwanangu."

Jumamosi alasiri, aliporudi nyumbani, alimkuta bintiye, mzazi wa siku tisa, amekaa mbele ya sufuria inayofuka mvuke.

"Dereva wa lori la ghala kaniletea mizizi, zawadi ya mzazi. Katoa kwenye mzigo wa leo. Nimekungoja uonje, mama, wewe na hesabu zako."

Bi Ulimi akapiga funda. Ishirini ikapita. Akafika arobaini. Kitoto kikacheua begani.

"Unahesabu au unasali? Ninywe?"

Kikombe kilikuwa kimeshafika midomoni mwa bintiye.

"Mwaga."

"Kumbe ni ule mbaya?"

"Sijui."

Binti hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa mamake. Akakiweka kikombe chini taratibu, kama kitu kilicholala.

"Hujui tangu lini?"

"Tangu mafua."

"Na huo mzigo, si umeupitisha wewe?"

Bi Ulimi alikuwa ameshashika simu. Ya msimamizi iliita hadi ikakatika. Dereva akapokea, upepo wa barabarani ukivuma nyuma ya sauti yake.

"Mbona tumeshashusha kiwandani, mama, tangu saa sita! Wameanza kusaga palepale."

"Hawakupima kwanza?"

Dereva akacheka kwa heshima zote. "Wapime nini? Mzigo ukishapita kwa Bi Ulimi, wale hawaupimi."