Kornelio Yupi?

Mwanangu, kuna Jumapili moja siwezi kuisahau hata nikitaka. Ilikuwa enzi za Mwingereza, huku kwetu Mbozi, nami nilikuwa nimebatizwa mwezi huohuo kwa jina la Kornelio. Nililichagua mwenyewe. Mwalimu wetu wa kanisa alitusomea habari za yule akida wa Kirumi aliyempokea Petro nyumbani kwake. Mimi nikashika neno akida tu, mengine yakanipita. Nikaanza kutembea kifua mbele. Mtu akiniita kwa jina la babu, simwitikii.

Kutulia sikuweza. Nilitaka kila mtu aone kwamba nimekuwa mtu mpya. Dada yangu Ruti alikuwa ameuguliwa na mtoto, na homa ilipozidi alikwenda kwenye kaburi la babu akatambika kwa unga na pombe. Mtoto alipopona, nikaenda kwa wazee wa kanisa nikamshtaki. Wakamtenga. Sikuwaambia kwamba chungu cha pombe nilikibeba mimi.

Ruti hakugombana nami. Alifunga mizigo, akasema Jumatatu anavuka mpaka pale Tunduma kwenda kwa shangazi yetu ng'ambo, na harudi, maana hapa hata kisimani wanawake walimkwepa. Chakula kikanishinda. Jumamosi nilizunguka shamba la kahawa bila kung'oa hata gugu moja, mpaka miguu ikanifikisha kwa mwalimu.

Nilijifanya nimekuja kuuliza zaidi habari za jina langu. Yule mzee alinitazama, akaendelea kupukuchua mahindi.

"Walikuwa wengi," akasema. "Kabla ya akida wako kulikuwa na jemadari huko Roma, Kornelio Sula. Huyo alibandika majina ya watu hadharani, na aliyebandikwa aliuawa. Miaka mingi baadaye akaja Kornelio askofu. Kulikuwa na Wakristo walioikana imani kwa kuogopa mateso, sasa wanataka kurudi. Wengine wakasema wafungiwe mlango. Yeye akawapokea, mradi watubu. Haya, kijana, wewe umechukua jina la yupi?"

Nilitaka kusema la akida. Badala yake nikainuka. Nikaondoka hata bila kuaga, na hilo nalo linaniuma mpaka leo.

Kesho yake, kabla ya wimbo wa mwisho, nikasimama mbele ya watu wote. Nikasema chungu nilikibeba mimi, na kwamba dada yangu alikwenda kule kwa kumlilia mwanawe. Wazee wakanong'onezana, kisha wakanitenga na mimi. Niliona aibu kubwa, mwanangu, na papo hapo nikasikia nafuu. Nikaenda nyuma, kwenye benchi la waliotengwa, alikokaa Ruti na mtoto wake. Hakunitazama. Alisogea tu, akanipa nafasi. Jumatatu hakuvuka.

Basi nisikilize. Jina kubwa ni rahisi kulibeba; kazi ni kuamua utafanana na nani kati ya waliolibeba kabla yako. Usikimbie kutaja kosa la ndugu yako wakati lako umelifunika. Na moyo ukikuhangaisha hivyo, usiuzungushe shambani kama nilivyofanya mimi, nenda kwa yule uliyemuumiza.

Mungu akupe kusema kweli mapema kuliko mimi. Na siku utakayochelewa, akubakizie mtu wa kusogea akupe nafasi ukae.