Binti wa Angani Hakupiga Magoti

Wapo watu wa mtaa wa Bangwe ambao hadi leo wanasema mimi ndiye niliyewaharibia katuni. Waache waseme. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimekaa benchi la nyuma katika banda la video, na mtu akiniuliza leo kama ningekaa kimya, jibu langu ni lile lile.

Banda lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga wa mchana usiingie. Jenereta lilinguruma nje kiasi kwamba mfasiri alihitaji kipaza sauti hata kwa watu waliokaa miguuni pake. Mikanda ya video ililetwa na wafanyabiashara waliovuka ziwa kutoka Bujumbura, na mingi ilikuwa ya Kifaransa. Mfasiri wetu, kijana wa Rusimbi mwenye mdomo usiochoka, hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji ya kunywa. Hilo halikumnyima usingizi. Aliangalia picha, akatunga.

Katuni iliyotushika miezi ile ilikuwa ya mfululizo. Ilimhusu binti mmoja, nahodha wa chombo cha angani, aliyewabeba watu wake baada ya sayari yao kutekwa na mfalme mwenye uso wa chuma. Walihangaika kutoka nyota hii kwenda ile, na kila walipofika waliambiwa hapana nafasi. Mfasiri alizipamba safari hizo apendavyo. Chombo kikitua popote, yeye alisema kimesimama Mwandiga, hapo nje ya mji wetu, kujaza mafuta. Mfalme akifoka, basi ni kwa sababu ameletewa samaki wa jana, mgebuka aliyelala. Nilicheka mpaka machozi, mimi niliyekuwa nikiyasikia maneno ya kweli chini ya maneno yake. Wenzangu walikuwa na katuni moja, mimi nilikuwa na mbili, na hakuna aliyejua.

Hakutakiwa mtu kujua. Mimi na mama tulikuwa tumevuka kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, baada ya baba kuuawa. Wakimbizi walitakiwa kukaa kambini, na sisi tulikaa mjini bila kibali, kwenye chumba cha uani cha bibi mmoja wa Kimanyema. Bibi aliwaambia majirani kwamba sisi ni mtoto na mjukuu wa kaka yake wa Ujiji. Walikubali bila maswali mengi, kwani nusu ya watu wa Ujiji babu zao walitoka ng'ambo ile ile. Tofauti yetu nao ilikuwa kwamba wao waliwahi. Sijawahi kupata mtu wa kunieleza ni tofauti gani nyingine.

Bibi alitunoa. Tuliacha kusema "niko nakuja", tukasema "nakuja". Tulijifunza kumwamkia shikamoo kila aliyetuzidi umri, jambo ambalo kwetu hatukulizoea. Nikaandikishwa shule kwa jina la ukoo wake, darasa la sita. Mama, ambaye Uvira alikuwa mwalimu, alikaanga mihogo mbele ya nyumba na kunipa sharti moja tu: Kifaransa kibaki tumboni. Neno moja likinitoka mbele za watu, alisema, chumba kimekwenda na shule imekwenda.

Nililishika sharti hilo vizuri mpaka Jumapili ile mchana.

Mjini siku hizo maneno yalikuwa mengi. Kuku akiibwa, ni wakimbizi. Kuni zikiadimika, ni wakimbizi. Sokoni watu walisema wazi kwamba wamekaa vya kutosha, warudi kwao, nami nilisimama pale na kapu langu nikichagua nyanya, nikiitikia kwa kichwa. Kuitikia huko kulinichoma kuliko maneno yenyewe.

Katika mkanda wa Jumapili ile, chombo kiliishiwa maji na mjumbe wa mfalme akaja na ahadi. Nyumba zote zitarudishwa, mashamba yatarudishwa, ila nahodha aje mwenyewe apige magoti mbele ya kiti cha enzi, umati ukitazama. Binti akaenda. Alitembea kwenye ukumbi mrefu, muziki ukakatika, picha ikaonyesha magoti yake, kisha uso wake. Akafungua kinywa.

Mfasiri hakumngoja. "Anasema, mheshimiwa mfalme, naomba msamaha! Tumechoka kula unga wa njano wa msaada, turudishe kwetu!"

Banda zima lilicheka. Unga wa njano ulikuwa unga wa kambini, kila mtu alijua ni nani wanaoula. Mwanamume aliyekaa pembeni yangu alijipiga paja, akasema naam, warudi hao, na akanigusa bega ili nicheke naye.

Miezi yote nilikuwa nimemsamehe mfasiri uongo wake, na zaidi ya kumsamehe, niliupenda. Lakini huu ulinipandisha hasira ambayo sikujua kuwa ninayo. Binti yule alikuwa amesema kitu kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kusemwa ndani ya mabati yale, na mfasiri amemtia mdomoni kuomba msamaha. Msamaha wa nini?

"Hakusema hivyo," nilisema, na nikasimama.

Mfasiri alinitafuta gizani kwa macho. Hakuwa na ubaya, alitaka kuchekesha tu. "Kwani wewe dada unajua Kifaransa?"

Ningeweza kusema natania. Njia ilikuwepo, pana kabisa, na watu wangecheka tena wakasahau. Nilimkumbuka mama na karai lake la mafuta. Nilijua hasa ninachokwenda kukitupa.

"Ninakijua," nikasema. "Nimekisoma kwetu, Uvira. Rudisha mkanda."

Wengine walinizomea nikae, wengine wakapiga kelele urudishwe, wasikie. Mkanda ukarudishwa, binti akatembea kinyumenyume mpaka mlangoni, akaanza upya. Nitamshukuru mfasiri kwa jambo moja: alininyooshea kipaza sauti.

"Nyumba ulizozichoma ni zetu," nikasema pamoja naye. "Siombi msamaha kwa kukimbia moto wako. Kwetu nitarudi, lakini siku hiyo nitaingia nimesimama."

Binti akageuka, akaupita umati, akapanda chombo chake kisicho na maji. Hakuna aliyecheka. Nilishika kipaza sauti mpaka mwisho, na nilipotoka nje watu walinipisha njia.

Habari zilinitangulia nyumbani. Mama alinipiga kofi, kisha akaanza kukunja vitenge vyetu. Bibi akamwambia aviache, akaweka kigoda chake mlangoni akakaa, akiapa kwamba hakuna atakayemvuka. Wiki haikuisha, wakaja watu wa uhamiaji. Mpaka leo sijui nani alipeleka maneno, na sijahangaika kumtafuta. Bibi aliwaambia hawa ni damu yangu, na aliwaambia hivyo akitazama macho yao bila kupepesa. Hawakumsikiliza.

Ofisini, mama alipiga magoti. Mwanamke aliyekuwa akinyamazisha darasa kwa jicho moja alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akaomba niachwe nimalize shule. Afisa aliona aibu, akamwambia inuka mama, si mimi niliyeamua. Nje lori lilikuwa limeshawashwa.

Kambini mama hakusema nami ila kwa lazima: leta ndoo, funga mlango. Nilidhani ni kwa sababu ya ujeuri nilioufanya bandani. Baadaye nilielewa kwamba kilichomuuma zaidi ni kuwa nilimwona pale sakafuni.

Mimi sikutubu. Watoto waliongoja maji bombani walinitaka hadithi, nikawaanzishia ya binti wa angani tangu mkanda wa kwanza. Mikanda niliyoiona ilipokwisha, nikatunga. Chombo nilikipeleka Mwandiga kujaza mafuta, mfalme nikamlisha mgebuka aliyelala, yote niliyaiba kwa yule kijana wa Rusimbi bila haya. Ila katika hadithi yangu hakuna aliyepiga magoti.

Siku moja nilipomaliza, mama alikuwa kwenye foleni na ndoo yake, amenipa mgongo. Aliongea bila kugeuka, kwa sauti ya kufundishia, kwa Kiswahili cha kwetu ambacho bibi alikuwa amemvua.

"Huyo binti, alisharudi kwabo?"

"Bado, mama."

Akasogeza ndoo chini ya bomba, akangoja ijae.

"Basi umuambie asipige magoti," akasema. "Mimi nilipiga, na lori iliondoka tu."