Mume Wangu Anautaka Ulimi Wangu wa Kuonja Bia, Mimi Hanitaki

Admin, tafadhali usiweke jina langu wala la mume wangu, Isiolo ni mji mdogo na watu tunajuana. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka thelathini na sita, Mmeru, na nimeishi huku Burat tangu niolewe. Naandika macho yakiwa yamevimba kwa kulia.

Mume wangu nitamwita Baba Kendi. Alifanya kazi Nairobi kwa watu wanaopika bia kidogo kidogo, si zile za kiwanda kikubwa, na aliporudi akataka kupika yake. Akaanza na IPA isiyochujwa. Kwa wasioijua, ni bia chungu, ina ukungu kama juisi ya maembe, na inanukia maganda ya machungwa. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya bia ya kawaida, na watu walitucheka sana. Mwanajeshi mmoja aliinua glasi kwa mwanga akauliza kama tumeanza kuuza maji ya mto Ewaso. Mimi ndiye nilikuwa naelezea wateja. Nawaambia bia hii inapikwa na maua machungu yanayoagizwa kutoka mbali, na yanawekwa mengi, na kwa sababu haichujwi, harufu yote inabaki ndani. Lakini haivumilii joto, na haikai. Ukiipata mbichi na baridi, inastahili bei yake. Ikizeeka, hata ukipewa bure, kataa. Polepole wakaanza kurudi, mpaka kambi moja ya watalii upande wa Leparua ikawa inaagiza kwetu.

Kisha Baba Kendi akashikwa na homa mbaya. Alipona, lakini pua haikurudi. Niligundua asubuhi moja alipokunywa chai ya maziwa yaliyoharibika akamaliza kikombe bila kukunja uso. Nilipomuuliza, aliweka kichwa kwa mapaja yangu akalia. Aliniomba nisimwambie mtu yeyote, maana nani atanunua bia ghali kwa mpishi asiyesikia harufu?

Hapo ndipo nikawa pua yake na ulimi wake. Mimi si mtu wa pombe, ni mtu wa kanisa. Nilikuwa naonja, nazungusha mdomoni, natema kwa ndoo. Wamama wenzangu walisikia, wakaacha kuniita kwa maombi ya nyumbani. Nilivumilia, kwa sababu tulipokaa sisi wawili kando ya mapipa, nikimwambia hii bado, hii imeiva, alikuwa ananisikiza kama hakuna mtu mwingine duniani. Niseme ukweli, sijawahi kuhisi nimependwa vile.

Siku moja tulipeleka bia kwa ile kambi. Meneja akaonja, akafurahi, akauliza ni nani anaamua ladha. Mume wangu akamjibu, "Ni mimi. Mama hapa hunisaidia kuosha chupa." Nilikuwa nimesimama hapo hapo na trei ya glasi. Tukiwa njiani kurudi alinielezea kwamba ni biashara tu, nisiweke moyoni. Nikaweka.

Haukupita muda stima ikapotea kwetu, ikakaa sana bila kurudi, na pipa zima likapata joto. Nilionja nikamwambia imwagwe, inanuka katoni iliyolowa maji. Alikataa. Alisema bia yenyewe ina ukungu, nani atajua? Nikamwambia watu wanatulipa bei ile kwa sababu wanatuamini. Akaniangalia kama mfanyakazi aliyemkosea, akasema, "Mwenye ulimi si wewe peke yako. Nitapata mwingine."

Na alipata. Kuna dada alikuwa anauza vinywaji kwa mahoteli, msichana mrembo, mcheshi. Akaanza kuonja yeye. Kila pipa kwake lilikuwa tamu. Mwishowe wakahamia Nanyuki na mapipa yote, na mimi nikabaki na watoto kwa nyumba ya kupanga. Kendi alikuwa ananiuliza kama baba ameenda kutibiwa pua. Nilikuwa namwambia ndiyo.

Jumapili iliyopita, tumetoka tu kanisani, akaja. Amekonda. Watoto walimrukia mpaka nikageuka ukutani nisionekane nikilia. Akaniambia kambi imeacha kuagiza, wateja wanasema bia haistahili hata nusu ya bei, na yule dada bado anamwambia kila kitu kiko sawa. Akatoa chupa kwa mfuko, akafungua, akanimiminia. Nilionja, na ilikuwa imekufa kabisa. Alikuwa ananitazama mdomoni, na nilimpenda saa hiyo kuliko siku ya harusi. Akasema, "Rudi, Mama Kendi. Bila wewe siwezi kupika."

Nikamuuliza kuhusu yule dada. Akasema huyo ni wa mambo ya mauzo, nisianze hayo, kwanza tuokoe jina la bia.

Mama mwenye nyumba yangu, Mwislamu ambaye hajawahi kugusa pombe, alikuwa ananiletea mkate wa anjera, akasikia yote. Baba Kendi alipoondoka, mama huyo aliketi nami akasema, "Mimi sijui bia. Lakini mume nimekuwa naye. Huyu amekaa hapa mchana wote, hajakuuliza hata kama umekula."

Hayo maneno hayanitoki. Baba Kendi anarudi Jumamosi kuchukua jibu, na nikikubali atatuhamisha Nanyuki. Watoto wameshaanza kupanga nguo zao, wanaimba. Mimi najua ninaweza kuirudisha ile bia iwe ya kustahili bei yake, hilo sina shaka. Kinachoniua ni kwamba sijui kama mimi mwenyewe nastahili chochote kwake nikishatema na kusema imeiva.

Msinitukane, tafadhali. Niambieni tu kama ndugu yenu: niende, ama nibaki?